Karatasi ya Minza

Nimestaafu. Bado naliandika neno hili polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu mkono haujalizoea. Siku ya kuagwa, walimu vijana wa shule yetu walinivisha kitenge na kunilisha keki, kisha mmoja wao, Mwalimu Fredi, akanivuta pembeni.

"Mama, sisi tukiitisha kikao wanakuja wazazi kumi na moja, na nusu yao wanasinzia. Wewe uliwezaje?"

Nilimjibu kwa mzaha, maana nilikuwa na keki mdomoni. Sasa nina nafasi ya kutosha, kwa hiyo naandika jibu lenyewe, kwa ajili yake na wengine mliobaki na chaki. Habari za kupanda vyeo sitaziweka hapa. Anayezitaka atazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajazimaliza.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Nilipangiwa shule ya msingi iliyo kando ya ziwa, upande wa Busisi, mwendo kama wa saa moja kwa miguu kutoka kivukoni. Siku ya kwanza nilipewa darasa la tatu. Nikasimama mbele, nikakunja uso ili nionekane mwalimu wa kweli, nikasema kwa nguvu, "Haya, kila mtu atoe karamu yake!" Sisi kwetu r na l huwa zinabadilishana viti bila kuaga. Watoto wakatazamana. Msichana mmoja wa mbele akafungua mfuko wake, akatoa kiazi cha kuchemsha, akakiweka mezani kwa heshima.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Bulugu, alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akaushika mwimo wa mlango. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alivaa kandambili za matairi hata siku za ukaguzi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa masomo.

Enzi hizo daraja halikuwepo. Magari yalisubiri kivuko, na foleni ikiwa ndefu, darasa langu lilikuwa tupu. Watoto walikuwa wanauza mayai ya kuchemsha na karanga madirishani mwa mabasi. Ningeweza kukwambia urefu wa foleni kwa kuhesabu madawati yaliyobaki wazi. Basi nikaandika majina ya watoro kwenye daftari, nikashuka ufukweni walikokuwa mama zao wakianika dagaa. Kila niliyemuuliza alisema mtoto anaumwa tumbo. Nikarudi nimekasirika.

"Ulienda na daftari?" Mwalimu Bulugu aliniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kesho nenda mikono mitupu. Ukienda na daftari unafanana na mtu wa kodi. Halafu ukimkuta mzazi anafanya kazi, usimsimamishe. Shika kazi yake upande wa pili, ndipo uongee."

Nikajifunza kutandaza dagaa mchangani na kuwageuza kabla jua halijawakausha upande mmoja. Nilinuka dagaa miaka mitatu, mume wangu ni shahidi. Lakini mwezi wa kwanza tu mama mmoja aliniambia ukweli: asubuhi ndiyo saa ya biashara, na yeye peke yake hawezi kuwa ufukweni na kivukoni kwa wakati mmoja. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba hawapendi shule.

Hapo ndipo Mwalimu Bulugu alipoanzisha umoja wa wazazi na walimu. Kamati ya shule ilikuwepo tangu zamani, lakini mzazi wa kawaida aliitwa shuleni kwa mambo mawili tu, kuchangishwa au kugombezwa. Yeye alitaka kila darasa lichague mama mmoja na baba mmoja. Viti viliwekwa duara. Kikao kilianza kwa maswali ya wazazi, sisi walimu tukasubiri zamu yetu, jambo lililowauma baadhi yetu kuliko jino. Mimi nikafanywa katibu. Kazi ya kwanza ya umoja huo ilikuwa hao watoto wa kivukoni. Akina mama walipanga zamu za kuuziana asubuhi, na wakakubaliana kwamba yeyote atakayemwona mtoto kule saa za masomo, awe wake au wa jirani, amlete shule. Waliwaleta kweli. Walimu tungetumia fimbo mwaka mzima tusingefika hapo.

Mwalimu Bulugu alistaafu, akarudi kwao Bujora kulima mpunga. Umoja ulibaki. Mwenyekiti aliyedumu kuliko wote alikuwa fundi cherehani, Mama Salma. Yeye ni wa Mwanza mjini, katika zile familia za Kiislamu zilizochanganya damu nyingi na kufanya ufundi tangu enzi za babu zao. Aliolewa huku, akaja na cherehani yake. Ndiye aliyeshona sare za shule yetu, kwa hiyo aliwajua watoto kwa vipimo. Mwaka mmoja alinifuata akasema, "Mwalimu, darasa la pili wamepungua viuno." Sisi tuliokuwa nao kila siku hatukuona. Wazazi wakaanza kuleta mahindi, na uji wa saa nne umechemka shuleni tangu hapo.

Nikija kwenye kesi iliyonitesa zaidi, ni ya Minza, na haina miaka mingi.

Minza alikuwa darasa la saba, wa kwanza darasani tangu la tatu. Alikuwa mtoto mtulivu, anayemaliza hesabu kisha anaziba kalamu yake na kuangalia ziwa. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa fundi wa mitumbwi. Mwezi wa sita watoto walifanya mtihani wa majaribio, ule wa kuchagua jibu moja kati ya matano na kusiliba herufi yake kwa penseli. Nikasahihisha karatasi yake ya sayansi. Kati ya maswali arobaini alipata moja.

Nilidhani nimekosea kusahihisha. Nikarudia. Moja. Nikachukua ya Kiswahili, akapata mawili. Nikakaa na zile karatasi mchana kutwa, mpaka kitu kikanigonga. Ukimwachia kuku adonoe karatasi ile, atapata saba au nane kwa bahati. Kukosa karibu yote si rahisi. Ili ulikwepe jibu sahihi mara thelathini na tisa, lazima ulijue.

Nikamwita Minza ofisini, nikafunga mlango, nikamwekea karatasi mbele.

"Mtoto asiyejua anakosa ovyo," nikamwambia. "Wewe umekosa kwa mpango. Nani kakwambia ufanye hivi?"

Akaangalia dirishani. Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba. Walipofika saba mara tisa, Minza akaanza kulia bila sauti.

"Baba amesema nijaze makosa. Na mtihani wenyewe hivyohivyo. Amesema hawezi kumpoteza mwingine."

Mwingine huyo nilimjua. Dada yake, Mbuke, nilimfundisha mimi. Alifaulu, akaenda sekondari ya kata, ambayo kutoka kwetu ni zaidi ya saa mbili kwa miguu. Ilibidi apange chumba karibu na shule pamoja na wasichana wenzake, bila mtu mzima. Alipokuwa kidato cha pili alirudi nyumbani na mimba. Tulisikitika ofisini, tukatikisa vichwa, tukaendelea na vipindi. Huo ndio ukweli, na siutoi hapa kwa kujivunia.

Nilitoka ofisini nikiwa nimepandwa na hasira. Nilitaka niende moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji nikamshitaki Masanja. Njia yangu ilipita kwa Mama Salma, nikamsimulia nikiwa nimesimama. Alitoa mguu kwenye pedali.

"Kaa kwanza, Mwalimu."

"Sikai. Huyu mtu anaharibu maisha ya mtoto."

"Ukimpeleka kwa mtendaji leo, kesho Minza hayupo hapa. Watamhamishia kwa ndugu huko porini, na mtihani hataufanya kabisa. Masanja hamchukii mtoto. Masanja anaogopa. Wewe ungekuwa yeye usingeogopa?"

Nikakaa. Nina mabinti wawili. Nilijua jibu.

Tulienda watano: mimi, Mama Salma, na wazazi watatu wawakilishi wa darasa la saba. Tulimkuta Masanja ufukweni karibu na nyumbani kwake, amepiga magoti kwenye mtumbwi, anaziba nyufa kwa pamba. Nikamwamkia, nikachukua bonge la pamba, nikaanza kulisokota upande wa pili. Alinitazama mikono muda mrefu.

"Unasokota nene mno," akasema.

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Tulipomaliza ufa ule, akasema mwenyewe, bila kuulizwa. "Najua mmefuata nini. Mwalimu, mimi siyo mjinga. Yule wa kwanza mlinipigia makofi hapo shuleni, mkanipa mkono, mkasema hongera mzazi. Alipoharibikiwa, nani alikuja? Hata wewe hukuja."

"Sikuja," nikasema. "Nilikosea."

Hakutegemea hilo. Aliweka nyundo chini. "Basi niambieni. Huyu akifaulu atalala wapi? Nani atafunga mlango? Mkinijibu hayo mawili, tutaongea."

Mmoja wa wazazi alianza hotuba kuhusu umuhimu wa elimu, Mama Salma akamfinya mkono. Mke wa Masanja alikuwa kivulini amempakata mjukuu, na nyuma yake alisimama Mbuke na ndoo ya maji kichwani. Nadhani alikuwa ameshasikia yote. Aliitua ndoo.

"Baba, naomba niseme."

"Sema."

"Shule haikunifanya kitu. Shule niliipenda. Ni kile chumba. Tulikuwa watoto wanne na mlango usio na komeo. Hakuna mtu mzima aliyekuja kuuliza tumekula nini, si mwalimu, si mzazi." Alimgeukia baba yake. "Usimfiche Minza nyumbani kwa ajili yangu. Mtafutie mlango."

Masanja alimgeuzia mgongo mwanawe, akatazama ziwa. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Mwisho akasema bila kugeuka, "Mkiniletea karatasi yenye muhuri inayosema watoto watalala wapi na nani atawatunza, nitasema neno lingine. Bila hiyo, msinisumbue."

Tulikuwa na miezi miwili na nusu.

Karibu na sekondari ile lilikuwepo ghala la zamani la pamba, limekaa tupu miaka mingi, popo wamejitwalia. Mama Salma aliitisha kikao cha wazazi wa shule yetu, na safari hii akaalika wazazi wa shule nyingine mbili zinazopeleka watoto sekondari ileile. Nilimwachia kikao chote. Nilidhani tutazungumza kuhusu binti mmoja. Kumbe kila mzazi mwenye binti alikuwa na hofu ileile moyoni, na kila mmoja alidhani ni yake peke yake. Baba mmoja alikiri mbele ya watu kwamba mwaka uliotangulia na yeye alimwambia bintiye afeli. Alifeli. Yule baba akaomba ruhusa, akatoka nje.

Serikali ya kijiji ilikubali kutoa ghala. Akina baba wakafumua paa na kuezeka upya, akina mama wakasiriba kuta na kufukuza popo, ambao wana ukaidi kuliko wanafunzi wa darasa la sita. Walimu tulichanganya udongo. Nilitambua kwamba wazazi wanakuchekea vizuri zaidi ukiwa umepakaa tope mpaka magotini.

Muhuri ndio ulikuwa mgumu. Ofisi ya elimu wilayani ilitaka kwanza jengo likaguliwe, choo kiwepo, na matroni apangwe, na kwa haki walikuwa sahihi, maana hayo ndiyo aliyoyauliza Masanja. Ila mkaguzi hakuwa anapatikana. Wiki moja kabla ya mtihani, wazazi tisa walienda wilayani wakakaa kwenye benchi la nje. Afisa akawaambia wangeandika tu barua.

"Barua tumeandika tatu," Mama Salma akamjibu kwa adabu zote. "Sasa tumekuja wenyewe, maana barua haiwezi kukwambia watoto wetu wana umri gani."

Afisa yule alikuwa na mabinti pia, nilikuja kujua baadaye. Alimpigia simu mkaguzi palepale. Jengo likakaguliwa, choo kikakataliwa kwa sababu ya mlango, mlango ukabadilishwa, na mchana wa siku moja kabla ya mtihani bodaboda ikasimama mbele ya shule. Mama Salma alishuka, ushungi wake wote vumbi, bahasha kaishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

Tulikwenda kwa Masanja tukiwa karibu tunakimbia. Aliipokea ile karatasi, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba. Kisha akamwita Minza. Mzee hakujua kusoma, na hakutaka kusomewa na mimi.

"Soma," akamwambia.

Minza alisoma taratibu, amesimama wima kama yuko darasani. Bweni la wasichana. Matroni mmoja, ataishi hapohapo. Mlango mkuu kufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Alipofika jina la mtia saini, baba yake akainua mkono.

"Rudia hapo kwenye mlango."

Akarudia. Masanja alikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Kesho andika unavyojua," akamwambia mwanawe. "Yote. Usiache hata moja."

Minza aliinama kumshika baba yake magoti, baba akamwinua kwa nguvu, kama anayeona aibu mbele za watu. Mbuke ndiye aliyepiga kigelegele.

Siku za mtihani sisi walimu wa shule husika haturuhusiwi kusogea. Wasimamizi wanatoka shule nyingine. Nilikaa barazani kwa Mama Salma nikishona vifungo, na nilivishona vibaya kiasi kwamba alivifumua vyote mbele yangu. Siku ya pili saa ya kutoka tuliona kundi la watoto linakuja barabarani. Minza alinifikia, anahema.

"Umeonaje?" nikamuuliza.

"Hesabu moja tu ilinisumbua, Mwalimu. Ile ya tangi la maji. Lakini nimeirudia, nadhani nimeipata."

Akaanza kunieleza tangi lenyewe, lita ngapi zinaingia na ngapi zinatoka. Sikusikia hata neno. Nilivua viatu, nikaweka miguu kwenye sakafu ya baridi, na ndipo nikagundua kwamba tangu mwezi wa sita nilikuwa nimekaza taya. Siku ile nilikula chapati nne kwa Mama Salma na sikuona haya.

Alifaulu. Ya tangi pia, nadhani, ingawa hawatuambii swali kwa swali. Januari wasichana kumi na tisa waliingia bwenini. Vitanda ishirini vilichongwa na Masanja kwa mbao alizokuwa ameziweka za mtumbwi. Kile kimoja kilichozidi alikuwa na maana nacho. Mbuke alikwenda kuulizia shuleni, kwa kuwa siku hizi msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi, naye akapokewa kidato cha pili akiwa mkubwa kuliko wenzake wote. Mtoto alibaki na bibi yake. Wiki ya kwanza Masanja alifika bwenini jioni tatu kujaribu komeo. Matroni akamwambia kwa upole aende nyumbani akapumzike. Akaenda.

Mwalimu Fredi, ulitaka kujua nilivyoweza. Kusema kweli sikuweza. Wazazi waliweza, na mimi nilichelewa kwa Mbuke. Nilichofanya ni kuacha kuwaita ili niwaambie, nikaanza kwenda ili niambiwe. Hilo linachosha, linachafua nguo, na hakuna fomu ya kulijaza.

Kikao changu cha mwisho cha umoja kilikuwa wiki mbili kabla ya kustaafu. Nilienda na hotuba niliyoiandika kwa mkono, kurasa tatu. Nikakuta wamekaa duara tayari, Mama Salma akiwa amemwachia uenyekiti baba mmoja kijana, na mjadala umepamba moto: matundu ya choo ya watoto wa awali ni makubwa mno, wadogo wanaogopa kudumbukia. Mama mmoja alikuwa amekuja na kipimo cha kamba. Mwalimu mkuu alijitetea, wakambana, akakubali. Wakapanga siku, wakagawana kazi, wakafunga kikao. Kwa saa mbili nzima hakuna aliyeniuliza kitu, wala hakuna aliyegeuka kutazama kama natikisa kichwa. Niliikunja hotuba yangu, nikaitia kwenye mkoba, nikarudi nyumbani mwepesi kama niliyetuliwa mzigo.